Peugeot ya Baba na Maji ya Kisima

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nalisema mapema ili anayetaka kunicheka aanze mapema. Kila mwaka nawawekea watoto wa kidato cha kwanza misumari mitatu katika chupa tatu nyembamba za maabara: mmoja kwenye hewa iliyokaushwa, mmoja ndani ya maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta juu, wa tatu ndani ya maji ya kawaida, chupa wazi. Haiishi wiki, ule wa tatu umeshaota kutu na ile miwili bado inang'aa. Watoto wanaandika daftarini kwamba chuma hakishiki kutu pasipo maji na hewa, nami nawawekea vema. Kisha narudi nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga, na huko uani ndiko nilikofanya kila kosa ambalo misumari ile ilikuwa inanikataza.

Gari ni Peugeot 404, saluni, gia zake ziko kwenye usukani. Aliiacha marehemu baba. Alikuwa karani bandarini na aliinunua mkononi mwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Kwa nini 404 na si gari jingine, hilo halikuwa swali la kuulizwa nyumbani kwetu: mwaka 1966 na tena 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva wa kutoka hapa Tanzania, walishinda mashindano ya magari ya East African Safari wakiwa ndani ya 404, na baba alikuwa kijana wa kutosha kuyakumbuka matope yote. Hadithi ile tuliimeza pamoja na uji.

Kitu kingine tulichomeza ni fimbo, kwa sababu ya pipa. Baba alikuwa na pipa chini ya mchirizi wa bati, la kukingia maji ya mvua, na ole wake mtoto atakayechota humo kunawa miguu. Maji yale yalikuwa ya betri na ya kuoshea gari. Kisima kipo hatua kumi kutoka hapo, kimejaa. Tuliona ni ubahili, au maringo ya gari. Alipofariki, pipa likapata matumizi mengine, gari likasukumwa chini ya mwembe, kuku wakaanza kutagia kiti cha nyuma. Likakaa hivyo miaka tisa.

Siku niliyoamua kulifufua nilianza kwa sumaku, niliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Nikaifunga ndani ya leso isikwaruze, nikaipitisha mwilini mwa gari. Paani ikashika. Boneti ikashika. Mlango wa dereva, juu ikashika. Nilipofika usawa wa goti ikaanguka mchangani. Nikaiokota, nikajaribu tena, ikaanguka tena. Nikachukua bisibisi nikachokoa. Puti, ile rojo ya kuzibia mashimo, nene kama vidole viwili vimelala pamoja. Nyuma ya puti, gazeti lililokunjwa. Nyuma ya gazeti, kipande cha bati la kuezekea nyumba kilichopigwa ribiti za aluminiamu. Yaani robo ya gari letu ilikuwa unga na gundi, na tulikuwa tunaliringia.

Likizo ya mwezi wa sita nikamwita kijana mwenye grenda. Kwa siku tatu tulivua kila kitu: nyeupe ya juu, bluu iliyokuwa chini yake, krimu, mpaka kijivu cha kiwandani, mpaka chuma. Jioni ya siku ya tatu gari lilisimama uani tupu, linameta kama sufuria mpya, nikalipiga picha. Usiku ule ikaja simu ya msiba wa Lushoto. Nikaenda, nikakaa siku nne.

Niliporudi gari lilikuwa rangi ya chungwa. Machungwa ya Muheza, wanaoyajua wanajua, hubaki ya kijani hata yakiiva. Gari langu ndilo lililoiva. Halikunyeshewa, turubai lilikuwa juu yake. Lakini chuma kitupu huanza kushika kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, na kikiwa na chumvi juu yake hakingoji hata kufika hapo. Upepo wa kusi unavuma kutoka baharini, usiku wa Tanga hewa unaweza kuikamua kama kitambaa, na mimi nilikuwa nimeacha mwili mzima wazi, nikaufunika turubai linalofungia unyevu humo humo.

Ningejifunza hapo ningeokoa fedha nyingi. Sikujifunza. Nilimwambia kijana apitishe brashi ya waya kwenye grenda, tukaona chuma kinang'aa tena, tukafurahi. Brashi ya waya ina ulaghai wake: kutu iliyokaa ndani ya vishimo haiitoi, inaisugua mpaka inakuwa nyeusi inayometa, na macho yanasema hiki ni chuma. Pale boneti ilipokuwa imegoma akatumia diski, akaikazia mahali pamoja, bati likapata moto likatanuka. Lilipopoa halikurudi. Ukibonyeza katikati linasema pwaa, ukiachia linasema pwaa, kama kifuniko cha debe la mafuta. Tukalijaza puti.

Puti yenyewe tuliipaka juu ya chuma kitupu, tukaisugua kwa msasa wa maji. Maji tuliyachota kisimani, kwa kuwa kisima kipo uani na bomba lina mita. Tukapuliza praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, ya kijivu, ya kopo moja isiyochanganywa na kigumishi, gari likakaa wiki tano ndani ya praima hiyo, nje, likingoja mshahara. Kisha rangi. Lilitoka zuri sana, sitasema uongo. Mwezi wa kumi na mbili nililiendesha mpaka Raskazone na watu waligeuza shingo.

Masika yakaja, na malengelenge yakaja nayo. Kwanza chini ya mlango, halafu juu ya madigadi ya mbele, madogo madogo kama ya mtu aliyeungua maji ya moto. Nilichukua sindano ya mama ya kushonea nikatoboa moja. Likatoka tone la maji. Mwalimu wa kemia hatakiwi kuonja kitu chochote, nawafukuza watoto maabara kwa kosa hilo, nililionja. Chumvi.

Sikutaka kuamini ulimi. Kesho yake nikatoboa mengine matano, nikayakusanya matone kwa maji safi ya betri, yasiyo na chumvi, nikaenda nayo shuleni nikadondoshea silva naitreti, dawa inayofichua chumvi. Ukatokea ule weupe mzito kama maziwa yaliyokatika. Kloridi, yaani chumvi. Nikachukua na maji ya kisima chetu nikayafanyia vilevile: maziwa matupu. Visima vyetu huku karibu na bahari vina chumvi, sote tunajua, ndiyo maana hatuyanywi. Tulisugua gari zima kwa maji hayo. Yalipokauka yaliacha chumvi ndani ya vile vishimo vyeusi na ndani ya puti, maana puti hunyonya kama mkate, na praima ya kopo moja haizuii maji, inayapitisha polepole. Rangi ya juu ikafunga mlango. Chumvi iliyobaki chini ikawa inavuta unyevu kupitia rangi, maji yanajikusanya, rangi inainuka. Nilikuwa nimetengeneza ile chupa ya tatu, nikaipaka rangi nzuri kwa nje.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikakumbuka pipa la baba.

Ngamiani kuna fundi bodi mzee, watu wote wanamwita Babu, ambaye aliyanyoosha magari ya aina hii yalipokuwa bado ndiyo magari. Nilimpelekea. Nikamwamkia, akaitika, akalizunguka gari bila kuligusa, akauliza swali moja.

"Mwalimu, mliliosha kwa maji gani?"

"Ya kisima, Babu."

Akatema pembeni, kwa adabu, mbali na gari. Akasema gari la Pwani halivuliwi nguo zote kwa mpigo. Linavuliwa kama unavyomwogesha mtoto mwenye homa: unautoa mkono mmoja nje ya shuka, unauosha, unaufuta, unaurudisha, ndipo unatoa mwingine. Hilo ndilo somo lote na lilinigharimu kulipa rangi mara mbili.

Basi tukaanza upya, mlango mmoja kwa wakati. Kuna siku tulifanya nusu ya mlango. Sharti la Babu lilikuwa kwamba chuma kitakachoonekana saa mbili asubuhi kiwe kimefunikwa kabla ya alasiri, jua likiwa bado linakausha hewa. Akiona wingu hatuanzi kabisa, tunakunywa kahawa.

Rangi ya kwenye bati pana, paa, boneti na milango, tulitoa kwa rimuva, dawa ya kuchubulia rangi. Unaipaka kwa brashi kwa upande mmoja bila kurudia, unaifunika nailoni isikauke, unangoja mpaka rangi inakunjamana, unaikwangua kwa kisu cha puti. Inafanya kazi nzuri bila joto, na inachoma. Tone liliingia chini ya saa yangu, nikaona kama siafu. Alama ipo mpaka leo. Ubaya wake mwingine ni kwamba ikiingia kwenye maungio, pale bati mbili zinapolaliana, haitoki kirahisi. Inakaa humo, miezi baadaye inajitokeza na kuichubua rangi mpya. Kwa hiyo unaacha upana wa vidole vitatu kila penye ungio, na hapo unamalizia kwa msasa namba 80, kwa mkono, taratibu.

Kupiga mchanga, yaani kuchubua kwa mchanga unaopulizwa kwa kompresa, tulipeleka rimu za magurudumu na vyuma vinene vya chini tu. Watu wananiambia, "Si ungepeleka gari zima, siku moja kazi imeisha?" Bati la mwili wa gari halifiki milimita moja. Mchanga ukilipiga kwa nguvu linajikunja mawimbi, na hakuna fundi wa kuyarudisha mawimbi ya paa zima. Halafu mchanga unaingia kila shimo, utaendelea kumwagika miguuni mwako kwa mwaka. Na wale vijana wanaopiga mchanga wa kawaida wakiwa wamejifunga fulana usoni, vumbi lake linakaa mapafuni halitoki. Nitasema na hili la maziwa, kwa sababu nimelisikia kila gereji: mpulizaji rangi anapewa nusu lita ya maziwa jioni "kusafisha kifua." Maziwa yanaenda tumboni. Rangi na praima za makopo mawili zina kigumishi ambacho kinaweza kukuachia pumu ya maisha, na rangi za zamani, hizo za miaka ya sitini, mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ukisugua kavu unaivuta kama unga. Ndiyo maana rangi za chini kabisa tulizitoa kwa rimuva, au kwa msasa uliolowa, na maji ya bomba. Nilinunua barakoa mbili zenye vichujio vya kemikali, yangu na ya Babu. Yake alinizawadia kuivaa kwa siku mbili, ya tatu nikaikuta imening'inia msumarini.

Vitu vidogo, bawaba, vishikilia bampa, kufuli za milango, nilivitumbukiza kwenye molasi. Huku wafuga ng'ombe wa maziwa wanainunua kwa ndoo, kwa hiyo si kitu cha kutafuta. Sehemu moja ya molasi, sehemu tisa za maji, pipa la plastiki, wiki mbili. Inaila kutu na chuma kizima inakiacha. Aluminiamu usitie, italiwa. Ilipofika siku ya tano pipa likaanza kutoa povu na harufu, na jirani akamuuliza mama kwa upole kama mwalimu ameanza kupika gongo. Mama hakucheka. Lakini bawaba zilitoka humo kijivu safi, hata namba zilizogongwa kiwandani zikasomeka, na nilizisuuza, nikazikausha kwa kompresa, nikazipaka praima ndani ya nusu saa, mkono unatetemeka kama nimebeba yai.

Vile vizingiti vya chini ya milango ndivyo vilivyokula muda. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Mwili wenyewe ndio mifupa, na vizingiti ni sehemu ya uti wa mgongo. Waliotangulia walikuwa wamefunika uozo kwa bati la paa. Babu alikata mpaka akakuta chuma kinachotoa sauti, si vumbi, akakata na sentimita mbili zaidi. Alikuwa anagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza, kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Akaweka bati jipya la milimita moja, akachomelea kwa vitone vilivyoachana, kimoja huku, kimoja kule, anangoja kipoe. Kuchomelea mstari mrefu kwa mkupuo kungelipinda gari. Na lile boneti la pwaa alilinyoosha kwa gesi: akapasha moto doa dogo kama senti mpaka likawa jekundu, akaligonga kidogo, akalibandika kitambaa kilicholowa, likajikaza. Vidoa tisa. Siku hiyo nilijisikia mwanafunzi.

Chumvi sasa. Kila tulipofika kwenye chuma chenye vishimo tulikisugua kwa maji ya moto ya bomba, tukafuta, tukapuliza, tukarudia. Kisha nilipitisha pamba yenye maji ya betri, nikaikamulia kwenye kichupa, nikadondoshea silva naitreti niliyoinunua mwenyewe, nisije nikasemwa naiba ya shule. Ikibaki angavu, tunaendelea. Ikitia utusitusi, tunaosha tena. Madigadi ya kushoto tuliosha mara sita. Babu aliniona kichaa hadi alipoona mwenyewe kichupa cha kwanza na cha sita vimesimama pamoja juani. Baada ya hapo akawa ananiletea pamba.

Tulibishana kitu kimoja tu. Yeye alitaka red oksaidi, ile praima nyekundu ya kawaida, kama alivyofanya maisha yake yote. Nilitaka praima ya epoksi, ya makopo mawili, kwa sababu epoksi ikikauka vizuri maji hayapiti kirahisi. Alisema red oksaidi imewalinda watu kabla sijazaliwa. Kweli, nikamwambia, kwenye mageti, na mageti hupakwa tena kila mwaka. Akakubali kwa sharti kwamba ikichubuka asilaumiwe. Tukapiga epoksi moja kwa moja juu ya chuma kilichokwaruzwa kwa msasa, na penye vishimo ambapo tulikuwa tumetumia dawa ya kutu ya asidi ya fosforiki tulihakikisha hakuna asidi iliyobaki, kwa sababu epoksi ikikuta asidi mbichi haishiki. Puti tukaipaka juu ya epoksi, siyo juu ya chuma. Na tukaisugua kavu. Halafu epoksi tena, ndipo rangi. Safari hii krimu, ile ya tatu kutoka juu, ambayo mama alisema ndiyo gari lilikuwa nayo walipooana.

Mwisho Babu alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Aliyeyusha mishumaa ndani ya grisi na oili mpya, chombo kikiwa kimekaa ndani ya maji ya moto mbali na moto, akaupuliza mchanganyiko huo ukiwa bado mwepesi ndani ya vizingiti na milango, kupitia matundu. Wengi huku hutumia oili chafu. Inasaidia kidogo, lakini inaharibu mipira na inaacha harufu ndani ya gari. Kisha akaniita, akanionyesha kwa waya wa baiskeli matundu ya chini ya kila mlango. Yote manne ya upande wa kushoto yalikuwa yamezibwa kabisa na majani ya mwembe yaliyooza. Milango ya baba haikuoza kutoka nje. Maji ya mvua yaliingia kwenye kioo kama kawaida, yakakosa pa kutokea.

Masika mawili yamepita sasa. Kuna kidoa kimoja, cha ukubwa wa punje ya mchele, karibu na taa ya mbele ya kushoto. Nimekizungushia penseli na tarehe ili nijue kama kinakua. Mwembe tumeukata matawi ya upande wa gari. Nimenunua pipa jipya la plastiki na kuliweka chini ya mchirizi, na wanangu wamekatazwa.

Jumapili iliyopita mama alitaka kuiona bahari. Alikaa nyuma, alipozoea kukaa. Tuliegesha Raskazone, upepo ukatupulizia rasharasha mpaka vioo vikawa na ukungu wa chumvi, akafurahi, tukala mihogo ya kukaanga, tukarudi magharibi. Alipolala nikatoka na kata na kitambaa, nikachota pipani, nikaanza na paa. Nilikuwa nimefika kwenye buti nilipomsikia dirishani.

"Baba yako naye," alisema, "alikuwa anadhani nimelala."